Dig: programu ya bure inayomaliza ubishi wa "subiri masaa 48"

Kama unatengeneza tovuti za watu, au unalipia kikoa chako mwenyewe (jina la tovuti, kama mfano.co.tz), programu ninayotaka uijue ni dig. Haina picha, haina vitufe, haina matangazo, wala haikuombi namba ya simu. Unaandika mstari mmoja kuuliza kikoa kinaelekezwa wapi, inakujibu kwa maandishi. Inatolewa na Internet Systems Consortium (ISC), haohao wenye BIND, ile programu ya seva za majina iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hailipiwi. Mimi naitumia kazini hapa Mwanza karibu kila wiki, na naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu niliyokata ina sababu, nitaieleza.

Kazi zangu ni ndogo ndogo ila ni nyingi: nyumba za wageni, shule binafsi, wauza vipuri, wasindikaji wa samaki. Chumba changu cha kazi kiko Buzuruga, lakini wateja wengi nawafuata walipo. Na malalamiko yao yanafanana mno. Mtu amehamisha tovuti kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kalipa, kaambiwa imeshahama. Lakini tovuti inafunguka mpya kwa huyu, kwa yule inafunguka ya zamani. Barua pepe nyingine zinaingia, nyingine hazijulikani ziliko. Akiwapigia kampuni mpya wanamwambia subiri masaa 48. Akimpigia msajili wa kikoa anaambiwa kwetu kila kitu kiko sawa. Muda unapita, anaambiwa asubiri tena. Mtu mwenye biashara anazungushwa na watu wawili ambao kila mmoja ana hakika kosa ni la mwenzake.

Dig inaukata ubishi huo kwa sababu haimuulizi yeyote kati yao. Inamuuliza mwenye orodha.

Nani mwenye orodha? Juu kabisa ziko seva za mzizi, zenye majina 13, kuanzia a hadi m. Hizi hazijui tovuti yako. Zinajua tu .tz iko kwa nani, .com iko kwa nani, na kadhalika. Seva za .tz nazo zinashika orodha ya vikoa vyake: kikoa fulani kinahudumiwa na seva hizi na hizi za majina. Orodha hiyo inatoka kwenye rejista, yaani daftari kuu la vikoa vya .tz, na msajili ndiye anayeandika humo kwa niaba yako. Kisha hizo seva za majina, ambazo mara nyingi ni za kampuni inayohifadhi tovuti yako, ndizo zinazotoa anwani ya tovuti na ya barua pepe. Mfumo huu, DNS, ni wa Paul Mockapetris, wa 1983, na kanuni zake za msingi, RFC 1034 na RFC 1035, zilitolewa 1987. Ndizo tunazozitumia mpaka leo.

Sasa ukihamia kampuni mpya, ikakuandalia kila kitu vizuri, lakini rejista ikabaki inataja seva za zamani, watu wataendelea kupelekwa kwa zamani. Ni sawa na kuhama Mabatini kwenda Nyegezi huku mwenyekiti wa mtaa, ambaye kila mgeni lazima apitie kwake, anaendelea kuwaonyesha mlango wa Mabatini. Hata ukiipamba vipi nyumba ya Nyegezi, mgeni hafiki.

Kisa kilichonifanya niandike haya ni cha mzee mmoja mwenye ghala la dagaa karibu na Mwaloni, Kirumba. Anauza kwa jumla, na baadhi ya wanunuzi wake wako nje ya nchi, Kongo na Burundi. Wanaangalia bei kwenye tovuti, wanaandika barua pepe kuomba profoma, ndipo wanapiga simu. Alikuwa amehamisha tovuti, akabadilisha bei na namba ya simu. Baadhi ya wanunuzi wakawa bado wanampigia kijana aliyekwisha kuacha kazi, kwa bei za msimu uliopita. Nilimkuta amekasirika kweli.

"Mwanangu, mimi nimelipa kote kuwili. Sasa nani ananidanganya?"

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Ngoja tuulize."

Sikuwa na kompyuta siku hiyo. Nilikaa juu ya kreti pale mlangoni, nikafungua Termux, programu ya kuandika amri kwenye simu, nikaandika:

dig +trace mfano.co.tz

(Jina la kikoa na la seva nimeyabadilisha, ya mzee ni yake.) Amri ya +trace inaanzia kwenye mzizi na kushuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikionyesha nani kasema nini. Mistari mingi ya juu unaweza kuipita. Inayokuhusu ni ile iliyotoka kwa seva za .tz, yenye NS, yaani seva ya majina:

mfano.co.tz.  86400  IN  NS  ns1.mpya.example.
mfano.co.tz.  86400  IN  NS  ns2.mpya.example.
mfano.co.tz.  86400  IN  NS  ns1.zamani.example.
mfano.co.tz.  86400  IN  NS  ns2.zamani.example.

Seva nne. Mbili mpya na mbili za zamani, zote zimetangazwa na rejista kwa hadhi sawa. Anayetafuta jina anaweza kwenda kwa yoyote kati ya hizo nne. Na kampuni ya zamani ilikuwa haijafuta faili la mzee, lenye rekodi za kikoa chake, kwa hiyo seva zake zilijibu bila wasiwasi wowote: anwani ya zamani, sanduku la barua la zamani. Mnunuzi akiangukia upande huu anaona bei mpya, akiangukia upande ule anaona za msimu uliopita. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Aliyehamisha tovuti alijaza visanduku viwili vya kwanza kwenye paneli ya msajili, akaviacha cha tatu na cha nne kama vilivyokuwa. Msajili alipoangalia aliziona seva mpya zimo, akasema kwetu iko sawa.

Nilitaka kuwa na hakika kwamba hiki si kitu cha kusubiri. Hapa ndipo dig inapopita zana nyingine zote ninazozijua, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Ile namba 86400 ni TTL, muda ambao jibu linaruhusiwa kukaa kwenye kumbukumbu ya seva inayokutafutia majina, yaani risolva ya mtandao wako. Iko kwa sekunde, na 86,400 ni siku moja. Kwenye .com rekodi za namna hii hutolewa na 172,800, ambazo ni saa 48 kamili, kwa hiyo ile kauli ya masaa 48 ina asili yake na si uongo. Jibu la zamani kweli linaweza kukaa kwenye kumbukumbu ya mtandao wa simu mpaka muda huo uishe. Lakini linatakiwa liishe. Ukiiuliza risolva ya mtandao wako, ukasubiri kidogo, ukauliza tena, utaona namba inashuka: 86400, 86312, 85990. Hiyo ni kumbukumbu inayozeeka, na hapo kusubiri kuna maana.

Kisha uliza seva ya rejista yenyewe. Kwanza pata majina yake:

dig NS co.tz +short

Chagua mojawapo, uiulize moja kwa moja (+norecurse inaiambia ijibu ilichonacho tu, isikuulizie kwingine):

dig @jina-la-seva-hiyo mfano.co.tz NS +norecurse

Jibu litakuja kwenye sehemu iliyoandikwa AUTHORITY, bila alama ya aa (jibu la mwenye kikoa mwenyewe) pale juu, kwa sababu rejista haijibu kwa niaba ya kikoa chako, inakuelekeza tu kwa wahusika. Rudia amri hiyo kadiri unavyotaka. Namba haishuki. Kila ukiuliza ni 86400 ileile na majina manne yaleyale, kwa sababu hapo umefika kwenye chanzo. Jina la zamani likiwa bado limo humo, hata usubiri mwezi mzima litakuwepo. Halizeeki. Litatoka siku mtu atakapoingia kwa msajili na kulifuta.

Nilinakili majibu hayo nikayatuma kwa msajili na sentensi mbili: rejista inataja seva nne, tafadhali ondoeni hizi mbili. Hawakuuliza swali. Siku hiyohiyo rejista ilikuwa imebaki na mbili, na kuanzia hapo ndipo kusubiri kulipokuwa na haki yake, maana kumbukumbu za mitandao zilikuwa sasa zinazeeka kweli. Kwa tahadhari tuliiomba kampuni ya zamani iweke bei mpya na namba mpya kwa kipindi hicho cha mpito, kisha ifute faili. Mzee alipopata barua ya kwanza kutoka Bujumbura kwenye sanduku jipya alinipigia. "Wabeja sana, mwanangu." Siku hiyo niliondoka na dagaa wa kutosha nyumba nzima.

Ukitaka kuona tofauti kwa haraka zaidi, kuna amri ya kuuliza kila seva rekodi yake ya SOA, ambayo ndani yake mna namba ya toleo la faili:

dig @ns1.zamani.example mfano.co.tz SOA +short
dig @ns1.mpya.example mfano.co.tz SOA +short

Namba zikitofautiana, una mafaili mawili tofauti yanayojibu kwa jina moja. Na seva ya zamani ikijibu REFUSED, maana yake wameshakufuta kwao lakini rejista bado inawatuma watu huko. Hapo tovuti haionyeshi vitu vya zamani tena. Inasuasua: mara inachelewa, mara haifunguki kabisa, na fundi asiyejua atalaumu mtandao wa simu.

Sasa ile nusu nyota.

Kijana mmoja wa Nyegezi, ambaye amejiwekea seva yake na kuhifadhi tovuti za shule na makanisa, alihamisha seva hiyo kwa mtoa huduma mwingine. Seva zake za majina zinaitwa kwa kikoa chake mwenyewe, tuseme ns1.mfano.co.tz na ns2.mfano.co.tz. Anwani ya IP ikabadilika, akaisahihisha kwenye faili lake vizuri kabisa. Ile mashine ya zamani ilipozimwa, shule zote zikapotea hewani kwa pamoja, katikati ya msimu wa matokeo. Akanipigia usiku: "Dada, nimeendesha dig +trace, inaonyesha kila kitu ni kizima. Lakini hakuna anayeweza kufungua."

Tatizo lake liko kwenye kitu kinachoitwa rekodi ya gundi. Fikiria: ili uijue anwani ya ns1.mfano.co.tz inabidi uiulize seva ya mfano.co.tz, ambayo ni hiyohiyo ns1. Huwezi kuanza. Kwa hiyo rejista hutunza, pamoja na jina la seva, anwani yake ya IP. Anwani hiyo haibadiliki eti kwa sababu wewe umebadilisha faili lako. Inabadilishwa kwenye rejista, na kwenye paneli nyingi za wasajili haiko pale kwenye visanduku vya seva za majina bali kwenye ukurasa mwingine kabisa, wa kusajili seva za majina za binafsi. Paneli nyingine hazina ukurasa huo, inabidi uwaandikie.

Na kwa nini +trace ilimwambia kila kitu ni kizima? Kwa sababu +trace hupokea majina ya seva kutoka rejista, lakini anwani za seva hizo hairidhiki kuzichukua hapo. Inaiuliza risolva ya mashine unayoitumia. Kijana alikuwa ameiendesha akiwa ndani ya seva yake mpya, na seva hiyo ilikuwa inajiuliza yenyewe. Ikajipa anwani sahihi, wakati dunia nzima inapewa ya zamani. Hii naiona ni kasoro ya kweli ya dig. Programu inayojitangaza kwamba inafuata njia kutoka mzizi hadi mwisho ingetakiwa iifuate njia ileile wanayoifuata wengine, au angalau iseme inapotoka nje ya njia. Haisemi.

Dawa yake, kwa bahati nzuri, ni dig hiyohiyo. Acha +trace, iulize seva ya .tz moja kwa moja kwa +norecurse kama nilivyoonyesha, halafu shuka mpaka sehemu iliyoandikwa ADDITIONAL:

ns1.mfano.co.tz.  86400  IN  A  192.0.2.10

Kisha iulize seva yako mpya inajitambuaje:

dig @198.51.100.25 ns1.mfano.co.tz A +short

Ikisema 198.51.100.25 na rejista inasema 192.0.2.10, umeshamaliza uchunguzi. Kijana aliwaandikia wasajili wake, wakabadilisha gundi, shule zikarudi. Huwa namsisitizia kila anayejiwekea seva zake: mashine ya zamani usiizime mpaka uione anwani mpya kwenye jibu la rejista kwa macho yako.

Kuna mtego mwingine mdogo nitautaja kwa haraka. Kikoa chenye DNSSEC, yaani saini za kuthibitisha majibu, kina rekodi ya DS (alama ya ufunguo wa saini hizo) kwenye rejista, na ukihama bila kuishughulikia, seva zako mpya zitajibu vizuri lakini risolva zinazokagua saini zitakataa na kutoa SERVFAIL, yaani imeshindikana. Linganisha dig ya kawaida na dig yenye +cd, inayoiambia risolva isikague saini. Ikijibu kwa +cd tu, nenda kaangalie DS.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie whois, au tovuti za kupima bure. Whois naitumia, ni nzuri kwa kujua msajili ni nani na kikoa kinaisha lini. Lakini inasoma kumbukumbu za usajili, haisomi kile kinachotangazwa na seva kwa dakika hiyo, na hivyo viwili vinaweza kutofautiana. Nslookup ya Windows inatosha kwa swali jepesi, ila haikupi picha kamili ya alama na sehemu za jibu. Tovuti za kupima zina uzuri wake, hasa zile zinazouliza kutoka nchi mbalimbali, lakini zinaonyesha risolva zinasema nini, na nyingi hazikuonyeshi rejista. Isitoshe, ukurasa mmoja wenye matangazo unakula bando kuliko maswali mengi ya dig, ambayo kila moja ni baiti mia chache tu. Pale Mwaloni, simu ikiwa na vipau viwili, jibu la dig linaingia kabla ukurasa haujaanza hata kuchora nembo.

Kinachowatisha wengi ni sura ya majibu. Kweli, mara ya kwanza yanaonekana kama fujo. Zoea vitu vitatu tu: status pale juu, alama ya aa, na jibu limekuja chini ya kichwa kipi, ANSWER, AUTHORITY au ADDITIONAL. Vingine utavijua taratibu. Ukiona majibu ya ajabu ukiwa kwenye mtandao fulani, jaribu mtandao mwingine, kwa sababu iko mitandao inayoyachepusha maswali yote ya poti 53, mlango wa maswali ya majina, kwenda kwenye risolva yake, na hapo unadhani umeiuliza rejista kumbe umejibiwa na mtu wa kati. Alama ya ra (seva inayokubali kukutafutia majibu kwingine) ikionekana kwenye jibu linalodaiwa kutoka rejista, shuku.

Kuipata si kazi. Ubuntu na Debian, sakinisha bind9-dnsutils. Kwenye simu ya Android, weka Termux, kisha andika pkg install dnsutils. Windows ndiyo yenye usumbufu, maana ISC waliacha kuitolea BIND kuanzia toleo la 9.18, kwa hiyo wengi tunaiendesha ndani ya WSL, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows. Baada ya hapo anza na kikoa chako mwenyewe leo, hata kama tovuti inafunguka vizuri, uhesabu ni seva ngapi rejista inazitaja na kama zote unazitambua.